Barua Moja Kwenye Trei

...haijaondoka, eti haijaondoka, barua itakaaje kwenye trei ya kutoka miaka tisa na isiondoke, huyu fundi naye kwa maneno hajambo, ameitwa kuunganisha kompyuta kuukuu na intaneti ya bila waya sasa anajitia kusoma mambo ya watu, na Bi Nukta alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake mwenyewe, maana kiti amekikalia fundi, kikaratasi cha namba za siri mkononi, miwani imeteremka hadi nchani mwa pua, anakitazama kidole cha fundi kinavyogusa kioo na kuacha alama ya jasho pale pale palipochorwa kisahani kidogo chenye mshale, na ubavuni mwa kisahani tarakimu moja tu, 1, "Hii hapa mama, bado haijaondoka, nikishaunganisha itajiendea yenyewe, haya nisomee hizo namba," alisema fundi bila hata kugeuka, kana kwamba anasema maji yamechemka, na Bi Nukta akafungua mdomo asome, herufi ya kwanza ilikuwa m, m ndogo, mshonaji wa mlango wa pili ndiye aliyemwandikia kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ya kukatia gauni, ukuta wao mmoja, mtandao ni wa mshonaji, chukua tu dada utumie, majirani ni wa nini... m ndogo, halafu akakishusha kikaratasi, "Ngoja kwanza," akasema, fundi akangoja, akaanza kupiga mluzi kwa meno.

Ngoja kwanza, ile moja si ndiyo iliyokwenda, miaka yote hiyo kila alipoiwasha mashine hii kuandika kumbukumbu za kikao cha wajane au kucheza karata peke yake alikuwa akiiona ile moja pale kwenye kisahani na akijua moyoni kwamba hiyo ndiyo hesabu yake, barua moja imetoka, yeye kwa upande wake amemaliza, mwenye deni la kujibu ni mwingine, na nani angemwambia kwamba trei inaweza kuwa na kitu na kitu kisichukuliwe, miaka thelathini na moja alikaa masjala kwenye meza yenye trei mbili za mbao, ya kuingia kushoto, ya kutoka kulia, ukishailaza karatasi kwenye ile ya kulia basi umenawa mikono, tarishi atakuja saa nne na saa tisa, mzee wa watu na baiskeli yake, mguu mmoja anauburuza, hajawahi kukosa hata siku ya mvua, na kuchungulia trei ya kulia kuona kama kweli amechukua lilikuwa tusi, mpiga chapa mmoja mgeni aliwahi kuchungulia, tarishi akasusa siku mbili, barua zikalala, bosi mwenyewe akashuka ngazi kuja kumbembeleza... kwa hiyo siku ile alipobonyeza na kuiona barua ikiruka na kutua kwenye kisahani, alishusha pumzi, akazima mashine, akaenda kunawa mikono kwa sabuni kama alivyokuwa akinawa enzi za taipureta na utepe wake wa wino, imekwenda, Mungu yupo, na asijue kwamba hii ofisi ya ndani ya kioo haikuwa na tarishi.

"Huyu mzee wako bado ana nguvu," fundi alikuwa akisema, akiipapasa kompyuta ubavuni, "alikuwa kiziwi tu, mimi nimempa sikio," na sikio lenyewe ni kidude kisichozidi ukucha wa kidole gumba, amekichomeka nyuma kwa sababu matundu ya mbele yote yamekufa, alihangaika nacho muda mzima, mara mashine inasema haikijui, mara inakijua na kukisahau, mpaka akatoa programu yake kwenye flashi, akaizima mashine, akaiwasha, na ilipowaka, pamoja na orodha ya mitandao ya majirani ambao Bi Nukta hakujua kwamba wanapita hewani mwa chumba chake, kinyozi, mtu aliyejiita Usiniombe, mshonaji, lile dirisha la barua likajifungua lenyewe, kwa kuwa zamani alilipanga lijifungue, asubuhi ya kwanza jambo la kwanza ni barua, ndiyo kazi inavyotakiwa... na waya, sasa anaukumbuka waya, mwaka ule walikuwa wanachimba mtaro barabarani, mitaa mizima ikawa matope, simu ya ukutani akaikuta imekufa jioni ya siku ile ya barua na haikufufuka, na yeye akasema ife, simu ya mkononi ninayo na barua yangu imeshakwenda, hakufikiri, Bi Nukta aliyekuwa akiokota kosa la herufi moja kwenye kurasa mia hakufikiri kwamba simu na barua vilikuwa vinapita kwenye waya mmoja, kila asubuhi anaiwasha, anatazama trei ya kuingia, hamna, kinajitokeza kidirisha na maneno yake marefu ya Kiingereza, anakifunga kama anavyofukuza nzi, hamna, kesho tena hamna, asubuhi ishirini na nane, ya ishirini na tisa akaifunika mashine kwa kitambaa cha meza, iwe ya kikao na karata tu, na kusema peke yake, sawa, umenidharau, sawa.

Umenidharau. Neno hilo amelala nalo na kuamka nalo, amezeeka nalo, maana yeye dada mkubwa alijishusha akaandika, na mdogo wake hata kusema nimepata hakusema, mdogo wake ambaye tangu utotoni wote walimwita Chiriku kwa sababu hakuwa na breki mdomoni, anayehadithia ndoto zake kwa muuza maziwa, anayejibu maswali aliyoulizwa mtu mwingine, ndiye wa kumnyamazia dada yake, na siku walipomzika mama, mwaka mmoja na miezi baada ya barua, Chiriku alivuka uwanja mbele ya watu wote, akaja na mikono yote miwili, macho mekundu, akasema, "Dada, hata neno moja huna?" na Bi Nukta akamtazama begani, si usoni, begani, akamjibu, "Langu nilishasema," halafu akageuka kumsalimia mke wa mchungaji, na ile mikono ikabaki inaning'inia... Ee Mungu wangu. Alikuwa anauliza kweli. Siku ile aliona ni ujuba, ni kumwonyesha mbele za watu, akajipongeza kwa kutomtolea jibu refu, kumbe mtoto wa watu alikuwa anauliza, hajapata neno, anauliza kama lipo, na yeye akamwambia limeshasemwa, atakuwa alikwenda nyumbani akalitafuta lilisemwa lini, atakuwa aliligeuza na kuligeuza, lilisemwa lini, na neno la mwisho alilokuwa amelisikia kwa dada yake ni lile la mlangoni mwa bafu, hilo basi, hilo ndilo aliloambiwa kwamba ni la mwisho.

Fundi aligeuka nusu, akauliza kama namba hazisomeki, alete yeye asome, macho yake bado mazuri, na Bi Nukta akakiweka kikaratasi kifuani kama mtu anayeficha karata, "Zinasomeka," akasema, fundi akacheka kidogo, hana haraka, wateja wake wa leo wawili tu, akarudi kwenye mluzi wake. Na aliyekuwa na haraka ni yeye mwenyewe, Bi Nukta, tangu juzi Jumanne, tangu ile simu ya binti wa Chiriku, "Mama mkubwa, sikupigii kukulaumu," binti alianza hivyo, sauti ya mtu aliyekesha hospitali, akaeleza kwamba mama yake ameanguka wiki iliyopita, upande mmoja umelala, na hasemi, Chiriku hasemi, madaktari wanasema labda itarudi na labda haitarudi, ila anasikia na anaelewa, "Nikimtajia majina ya watu waliopiga simu ananisikiliza, nikimaliza haniachii mkono, ananisubiri niendelee, na mimi najua anasubiri lako," na badala ya kulia, badala ya kusema nakuja, Bi Nukta alifanya nini, alinyanyuka kitini kama anajibu hoja kwenye kikao na kusema, mimi nilimwandikia mama yako, nilimwomba radhi kwa maandishi, yeye ndiye hakunijibu, tarehe ipo, nakala ipo kwenye kompyuta yangu, ushahidi ninao... ushahidi, kwa mtu aliyepooza, na binti akasema polepole, "Basi itume, mama mkubwa, barua zake nazifungua mimi kwenye simu, nitakaa naye nimsomee," na akaongeza, kama kitu kidogo tu, "Mimi hata sijui mlikosana nini, mama hajawahi kusema."

Hajawahi kusema. Juzi lilimpita sikioni, alikuwa anashughulika na ushahidi wake, leo limerudi na kumkalia kifuani, akashika mgongo wa kiti, fundi akauliza, "Vipi mama, kizunguzungu?" akatikisa kichwa, hapana, "Ifungue," akasema, "hiyo barua, ifungue niione kwanza," na fundi akaibonyeza mara mbili na, ustaarabu anao, akainuka akaenda dirishani na kumwachia kiti, na Bi Nukta akakaa, kiti bado kina joto la mtu mwingine, akapandisha miwani, na pale kwenye kioo ikajitandaza barua ambayo aliikumbuka yote, aliyoilia, alikumbuka vizuri machozi yakidondoka kwenye vibonye mpaka akaogopa mashine itaungua, barua ya kumwangukia mtu miguuni, ndivyo alivyoikumbuka miaka tisa, na ilianza hivi, Yah: Tukio la siku ya Jumamosi. Husika na kichwa cha habari hapo juu... Husika na kichwa cha habari hapo juu, kwa mdogo wake aliyembeba mgongoni. Na aya zimepewa namba, bila shaka, moja hadi sita, hakuna iliyoruka. Moja, siku tajwa ulimwacha mgonjwa peke yake ndani ya nyumba. Mbili, ieleweke kwamba kuchelewa kwangu kulitokana na majukumu ya kikazi yasiyozuilika. Tatu, hata hivyo mgonjwa hakupaswa kuachwa kwa namna yoyote ile. Nne, maneno niliyoyatamka yalitokana na uchungu wa mtoto kwa mzazi wake. Tano, endapo maneno hayo yalikukwaza, nasikitika. Sita, nategemea majibu yako mapema. Nakutakia kazi njema. Akaisoma tena, akilitafuta lile neno samahani aliloapa kwa binti wa watu kwamba lipo, halikuwepo, akashuka hadi chini, akapanda hadi juu, halikuwepo kabisa, machozi yote yale na hata moja halikuingia kwenye barua.

Na ile aya ya pili, yasiyozuilika, muongo mkubwa we, yalizuilika, bosi mwenyewe alimwambia nenda nyumbani, ripoti ni nzuri, na ilikuwa nzuri, kurasa arobaini, ila alipokuwa anaipanga akaona kwamba namba za aya zimeruka, kumi na saba kisha kumi na tisa, hakuna kumi na nane, bosi akasema nani ataona, yeye akasema nitaona mimi, na akaketi akazirekebisha zote moja moja na kuichapa upya kwenye ile printa inayotoa ukurasa mmoja kama inaumwa, Jumamosi hiyo, na Jumamosi ilikuwa zamu yake kwa mama, makubaliano ya yeye na Chiriku, siku sita Chiriku anamgeuza mama, anamwosha, anamlisha, siku moja tu, kuanzia saa nne, dada anakuja na Chiriku anatoka, na saa nne ikapita, na saa tano, na saa sita na nusu Chiriku akaona duka la dawa litafunga na dawa ya mama imekwisha, akakimbia, dakika ishirini, na mama akataka kwenda bafuni, na kizingiti kile... Bi Nukta alifika saa saba, akawakuta majirani mlangoni mwa bafu na mama chini, nyonga imevunjika, na Chiriku amepiga magoti na kikaratasi cha dawa bado kipo mkononi, na yeye, mwenye zamu, mwenye kosa, alisimama juu yao na mkoba wake wa ofisini na kusema mbele ya wote, "Hata mbwa haachwi hivi, kama umemchoka mama sema." Mama akiwa pale sakafuni anasikia. Na Chiriku alimtazama, akafungua mdomo, Bi Nukta aliuona ule mdomo ukifunguka na akajua linalokuja, ilikuwa zamu yako dada, maneno manne tu, na majirani wote wangejua, na Chiriku akaufunga. Akamfunika mama khanga miguuni. Hakusema siku ile, hakusema hospitali, hakusema msibani kwa hao wote waliokuwa wakimnong'onezea kwamba mtoto mdogo ndiye aliyemzembea mama, na hakusema hata kwa binti yake wa kumzaa, Chiriku ambaye hakuwahi kutunza siri ya zawadi ya sikukuu, hii aliitunza miaka tisa, sasa amenyang'anywa ulimi na bado anayo, na yeye Bi Nukta alikuwa amekaa huku akihesabu nani hajajibu. Wanasema majuto ni mjukuu, yeye wajukuu hana, kumbe huyu mmoja alikuwa amelala hapa chini ya kitambaa cha meza akikua. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mama," fundi aliita kutoka dirishani, taratibu sasa, labda alikuwa ameona mabega yake, "tuiache iende?" na Bi Nukta akaiwaza ikienda, hewani, kupitia ukuta wa mshonaji, mpaka kwenye simu ya binti, binti akivuta kiti karibu na kitanda, akishika ule mkono mzima, akianza, Yah, Tukio la siku ya Jumamosi, na Chiriku amelala pale hawezi hata kusema basi, nyamaza, anasomewa kosa lake kwa namba, moja hadi sita, na wala si kosa lake... akashukuru, kwa mara ya kwanza maishani alishukuru kwa kazi iliyofanywa vibaya, aliushukuru mtaro, aliushukuru waya uliokatika. "Hapana," akasema, "hiyo haiendi popote, njoo unionyeshe inafutwaje." Fundi akaja, akainama, akamwonyesha kibonye, akamtahadharisha kwamba ikifutika humu hairudi tena, mashine ya zamani hii, haina pa kuokotea, kwa hiyo kama ni kitu anachokihitaji bora wakinakili kwanza, na yeye akasema hakihitaji, lakini kidole hakikubonyeza, bado, kilikaa juu ya kibonye, kwani akiifuta kitabaki nini mkononi cha kumwonyesha yule binti, niliandika, na tarehe, atakuwa ni mtu ambaye miaka tisa hakumpelekea mdogo wake hata mstari mmoja, na huo, akajiambia, ndio ukweli wenyewe, hajawahi kumpelekea. Mpya basi. Aandike mpya. Bila Yah, bila namba. Mpenzi mdogo wangu, hapana, asianze kupamba. Alijaribu kuipanga kichwani kama zamani bosi alipokuwa akimsomea maneno naye anayapanga kabla hayajafika karatasini, akakuta kila sentensi inayokuja inajitetea, nilichelewa kwa sababu, sikujua kwamba, waya ulikuwa umekatika, akazifukuza, moja baada ya nyingine, mpaka akabaki na yale maneno ambayo Chiriku aliyameza mlangoni mwa bafu ili yasimdhalilishe dada yake, hayo sasa atayatamka mwenyewe na binti atayasoma kwa sauti, na binti atajua, na ajue, ilikuwa zamu yangu, mdogo wangu, ilikuwa zamu yangu nikachelewa, nikakusingizia mbele ya mama, nisamehe.

"Kama unaandika nyingine, unganisha kwanza," fundi alisema, ameshaketi ukingoni mwa kitanda na kuvuta mkoba wake wa vifaa, amekubali kwamba mama huyu ana mambo yake, "siku hizi si kama zamani za kungoja wiki, mtu unamwandikia hapa, hujanyanyuka anakujibu." Kwenye kioo kile kimstari kilikuwa bado kinapepesa ndani ya kisanduku cheupe kikingoja namba za siri, barua bado iko kwenye trei, moja, kikaratasi cha mshonaji kimelowa jasho kiganjani, mluzi ulikuwa umekoma na upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa inakwenda.

"Huyu hatajibu," alisema Bi Nukta. "Mimi ndiye nilikuwa sijamjibu."